Mwami Theresa Apande Jukwaani

 

Ndugu zangu wa Kasulu na Kibondo, nawaandikia kutoka Bristol, magharibi mwa Uingereza. Hapa kuna ukumbi wa maonyesho, Bristol Hippodrome, uliofunguliwa mwaka 1912. Nilikwenda humo kutazama The Lion King, mchezo wa muziki uliokuwa ukizunguka mji hadi mji. Ziara yake ya kwanza ya Uingereza ilianzia kwenye ukumbi huu huu mwaka 2012. Bei ya tiketi siitaji, maana mama ataanza kuhesabu mifuko ya mbolea.

Kisa chenyewe si kigeni: mfalme anauawa na ndugu yake, mtoto anakimbia, anakua, anarudi kudai kiti. Wazee wa Heru, utawala wetu wa zamani, hawawezi kushtushwa na hilo. Kilichonishika ni uchezaji. Tembo aliingilia kwa nyuma yetu, akapita katikati ya viti, na miguu ya watu waliombeba ikionekana waziwazi. Twiga ni mtu aliyepanda magongo, ya miguuni na ya mikononi. Julie Taymor, mwongozaji, hakutaka kumficha mtu ndani ya mnyama. Kinyago kimekaa juu ya kichwa, uso wa mchezaji uko chini yake, nawe unawatazama wote wawili kwa pamoja. Wapiga ngoma hawakufichwa kwenye shimo la wanamuziki mbele ya jukwaa. Wako kwenye roshani za pembeni, kushoto na kulia, jasho linawatoka.

Nyimbo za kwaya zina mkono wa Lebo M, mzaliwa wa Soweto aliyeishi uhamishoni Marekani enzi za ubaguzi wa rangi. Nyingi ni za Kizulu. Sidhani kama ukumbini walikuwapo watu kumi wanaokijua, lakini mzee mmoja wa Kizungu jirani yangu alikuwa akifuta machozi kabla hata kisa hakijaanza. Kwa hiyo msiniambie tena kwamba mchezo wa Kiha, lugha yetu, utaishia Makere, hapo hapo Kasulu.

Sisi nasi tuliwahi kuwa na vikundi vya kuzunguka. Muungano na TOT walipita mikoani na ngoma, sarakasi, maigizo, taarab na vichekesho, vyote katika onyesho moja. Siku hizi ngoma zetu huitwa kiongozi anapokuja. Zinapigwa dakika tano, kisha zinapisha hotuba. Hilo linaniudhi kuliko kukosa ukumbi.

Mfalme wa kubuni hatumhitaji. Tunaye Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru na baadaye akaketi bungeni Tanganyika ilipokuwa inaingia kwenye uhuru. Walimu wa Kiswahili mnao, kwaya za makanisa zenye sauti za kutisha mnazo. Andikeni mchezo kuhusu huyo mama, mfanye mazoezi hata darasani baada ya vipindi, mwonyeshe Kasulu kwanza, kisha mpakie ngoma mwende Kibondo. Nauli ya lori la kwanza niachieni mimi.