Tusisingizie Nguruwe

Ugomvi wa akina Hatfield na akina McCoy, wanavijiji wa mpakani mwa West Virginia na Kentucky nchini Marekani, husimuliwa kuwa ulizuliwa na nguruwe. Kwa kuwa kazi yangu ni kupima maneno, naona simulizi hiyo yatupotosha. Kesi ya nguruwe ilisikizwa mwaka 1878, ilhali McCoy mmoja, askari wa serikali ya Muungano, alikwisha uawa mwaka 1865. Mwaka 1882, siku ya uchaguzi, ndugu watatu wa McCoy walimjeruhi Ellison Hatfield. Alipofariki, nao wakauawa bila hukumu. Ukatulia kidogo. Aliyeufufua mwaka 1887 ni Perry Cline, wakili aliyekuwa amepoteza ekari zipatazo 5,000 kwa Anse Hatfield. Mwaka uliofuata nyumba ya Randolph McCoy ilichomwa, wanawe wawili wakauawa.

Hapo yuko wapi nguruwe? Ipo vita, ipo ardhi, na zipo mahakama zilizokosa kuaminiwa. Walimu, tuwafunze wanafunzi kuhoji majina ya migogoro. Anayeupa ugomvi jina dogo huuficha mzizi, na mzizi usiong'olewa huchipuka tena.