Wendao kwa miguu nao wana haki ya barabara

Yamkini hakuna sentensi iliyozoeleka zaidi katika vyombo vyetu vya habari kuliko hii: mtu mmoja aliaga dunia jana baada ya kugongwa na gari alipokuwa akivuka barabara. Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, siwezi kuipita sentensi ya namna hiyo bila ya kuuliza nani ametajwa na nani hakutajwa. Marehemu ametajwa, tena kwa mambo mawili: ndiye aliyekufa na ndiye aliyekuwa akivuka. Gari limetajwa, kana kwamba lilijiendea lenyewe. Dereva hayumo. Seuze mhandisi aliyeichora barabara hiyo, na mkuu aliyeidhinisha mchoro usiokuwa na mahali pa kuvukia!

Neno tunaloliitia msiba huo nalo lina lake. Ajali tuliipokea kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo ni muda uliowekwa, yaani ukomo wa uhai wa mja. Hata leo tungali tunaambiana kwamba ajali haina kinga. Sina ugomvi na imani ya mtu yeyote kuhusu siku yake ya kufa. Ninachokikataa ni kuliazima neno hilo ili kuficha uzembe. Mahali pamoja panapoua watu mwaka nenda mwaka rudi, saa zile zile za magharibi, pana kasoro iliyotiwa na mikono ya watu, na mikono hiyo hiyo yaweza kuiondoa.

Hebu tutazame hesabu. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na takriban thuluthi yao walikuwa wakienda kwa miguu. Jijini Nairobi, yapata safari nne kwa kila kumi hufanywa kwa miguu, na nyingine nne hivi kwa matatu. Abiria wa matatu naye huanza safari kwa miguu na kuimalizia kwa miguu. Mwenye gari lake mwenyewe ni mtu mmoja katika umati, lakini ndiye aliyekuwa akilini mwa kila aliyeshika kalamu ya kuchora.

Anayetaka ushahidi na asimame alfajiri kando ya Jogoo Road, au atazame wafanyakazi wanaomiminika kutoka Mukuru kuelekea viwandani. Watu hao hawatembei kwa ajili ya mazoezi ya mwili. Wanatembea kwa sababu nauli ya kutwa ni chakula cha jioni. Njia yao ni ipi? Ni ukingo wa lami, penye mtaro usiofunikwa upande huu na matatu upande ule. Mvua ikinyesha, ukingo huwa tope, nao hulazimika kushuka barabarani. Akigongwa mmoja wao, tutaambiwa kwamba alikuwa akitembea barabarani.

Thika Road ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, kiasi cha kilomita 50 za lami, nasi tukapiga vigelegele. Vijiji na mitaa iliyokuwa ikiamkiana kwa sauti ilijikuta imetenganishwa na mto wa magari. Madaraja ya kuvukia yalikuja kwa kuchelewa katika sehemu kadhaa, na tangu hapo tumekuwa tukisikia malalamiko kwamba raia ni wakaidi, hawataki kuyapanda. Mara kwa mara hukamatwa na kufikishwa mahakamani. Mimi nauliza: mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani, au mlemavu wa miguu, apande ngazi zote hizo na kushuka kwa nini, ilhali mwenye gari hakuombwa hata kupunguza mwendo? Usiku, daraja lisilo na taa ni makao ya wakora. Anayekimbia kati ya magari amepima hatari mbili na kuchagua moja.

Kisha ikaja barabara ya juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumiwa Mei 2022. Mwenda kwa miguu haruhusiwi huko, wala mwenye baiskeli. Katika ujenzi wake mti mmoja wa mugumo uliokoka kwa amri ya Rais mwaka 2020, na nilifurahi. Ningefurahi zaidi kama wanaopita chini ya nguzo zile wangepata mtetezi wa cheo hicho.

Wala tusidanganyane kwamba hatukujua la kufanya. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera kuhusu wendao kwa miguu na waendeshao baiskeli, ikaahidi kuwatengea asilimia 20 ya bajeti ya barabara. Mwaka 2019 Luthuli Avenue ilipunguziwa magari na kupanuliwa kwa ajili ya watu, na baadaye njia za miguu za Wabera Street zikafanywa pana. Palipofanywa hivyo, mtu hutembea bila ya kuangalia nyuma kila hatua tatu. Kumbe yawezekana! Lakini hiyo ni mitaa ya katikati ya mji, panapopita wageni. Mukuru hapana mgeni.

Wenzetu wa Dar es Salaam walianzisha mabasi yao mwaka 2016, wakayapa jina zuri la mwendokasi, na pamoja nayo wakatengeneza njia za miguu na vivuko vya kufikia vituo. Sisi mwaka 2018 tulichorewa mistari myekundu Thika Road. Mabasi hayakuifuata.

Jambo la kwanza ni kasi. Mtu akigongwa na gari liendalo kilomita 30 kwa saa, aghalabu hupona. Likiwa na kilomita 80, kupona kwake ni muujiza. Basi penye shule, soko na steji, magari yalazimishwe kwenda polepole kwa matuta na kwa barabara nyembamba, maana kibao peke yake dereva wetu hakisomi. Vivuko viwe chini, watu wanapovukia tayari, na taa ziwepo. Mitaro ifunikwe. Hayo hayahitaji mkopo kutoka nje.

Na ile asilimia 20 isiachwe kwenye sera. Wawakilishi wadi watakapoletewa makadirio ya bajeti, na waulize imeandikwa ukurasa wa ngapi, ni shilingi ngapi, na ni kwa barabara zipi.