Dawa za kifafa na masomo ya mtoto: panya wa maabara wanatufundisha nini?

Mama na mlezi, swali moja tunaulizwa mara nyingi hapa Songea: "Dawa imetuliza kifafa, lakini mtoto anasinzia darasani. Niiache?" Jibu fupi ni hapana, usiiache ghafla. Tuone sababu.

Kifafa hujijenga

Mwaka 1967 mtafiti Graham Goddard alieleza kuwa panya waliopewa umeme mdogo kwenye ubongo kila siku hawakuanguka mwanzoni. Baada ya siku kadhaa, umeme ule ule uliwaangusha. Ubongo ulikuwa umejizoesha, kama njia ya miguu inavyojichora shambani kwa kupitwa kila siku.

Mlango mmoja, kazi mbili

Seli za ubongo hupokea ujumbe kupitia vipokezi. Vifikirie kama milango. Kipokezi kimoja, NMDA, hufunguliwa na kemikali iitwayo glutamati. Panya walipopewa dawa za kukifunga, kifafa kilichelewa kujijenga. Lakini mwaka 1986 Richard Morris na wenzake walionesha upande wa pili: panya waliofungiwa kipokezi hicho walishindwa kujifunza mahali palipo na kijukwaa kilichofichwa chini ya maji. Mlango unaosaidia kifafa kujijenga ndio huo huo ubongo unaoutumia kujifunza.

Dawa ya mwanao je?

Fenobabitoni, dawa inayotumika sana kwenye vituo vyetu, haifanyi kazi kwa kufunga mlango huo. Yenyewe huongeza nguvu ya breki za ubongo. Breki zikikaza mno, mtoto husinzia au huchelewa kuelewa. Wengine huwa watundu kupita kawaida. Hilo lina ufumbuzi: kupima uzito upya, kurekebisha dozi au kubadili dawa, chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Kuacha ghafla ni hatari kubwa zaidi. Kifafa kinaweza kurudi mfululizo na kumuua mtoto. Tena kifafa kisichotibiwa nacho huharibu masomo, na huleta ajali za moto na maji.

Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianza kutibu wagonjwa wa kifafa miaka ya 1960, wakati wengi walikuwa wakitengwa na jamii. Leo Shirika la Afya Duniani lina mpango wa 2022 hadi 2031 unaotaka huduma za kifafa ziongezeke kwa asilimia 50. Ni lengo zuri, lakini kuhesabu waliopata vidonge hakutoshi. Tuulize pia kama mtoto anasoma.

Ufanye nini

- Andika kwenye daftari siku alizoanguka, na jinsi anavyolala na kusoma.
- Muulize mwalimu, kisha nenda na daftari hilo kliniki.
- Usipunguze dozi mwenyewe, wala usisubiri dawa iishe.
- Akianguka, mlaze ubavu na usimtie kitu mdomoni. Ikizidi dakika 5, mpeleke hospitali haraka.
- Kwenye maeneo yenye usubi, yakiwemo ya mkoa wetu wa Ruvuma, meza kingatiba inapogawiwa. Ugonjwa huo unahusishwa na kifafa kwa watoto.

Ukifika kliniki usiseme tu "hajaanguka". Sema pia, "darasani yuko hivi." Muuguzi anahitaji kusikia yote mawili.