Ulipata Ngapi Kidato cha Nne?

Kuna swali moja ambalo Mkenya huulizwa akitaka kuingia chuo kikuu, akitaka kukihama, na wakati mwingine hata akiwa ameshakimaliza: ulipata ngapi KCSE? Unaweza kuwa umefanya mitihani ya semista nne, umeandika mradi, umekuwa yule kiongozi wa darasa anayezungusha orodha ya mahudhurio na kumtafuta mhadhiri aliyepotea. Ukigonga mlango wa chuo kingine, anayefungua hana haja na hayo. Anataka karatasi uliyopata ukiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane, bado umevaa sweta ya shule.

Huo ni uvivu. Na kama uvivu mwingi wa ofisi zetu, unamuumiza asiye na pesa ya kuukwepa.

Tuanze na utaratibu wenyewe, manake wengi wetu tuliusikia tu kwa jamaa wa saiba. KUCCPS, shirika lililoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 likachukua kazi ya ile bodi ya zamani ya JAB, hupanga wanafunzi vyuoni kwa alama za KCSE. Wakishapangwa, hufungua dirisha la uhamisho. Unaingia kwenye tovuti, unachagua kozi na chuo, unalipa ada, unangoja. Ili usikilizwe, lazima pointi zako za klasta zifikie zile za mtu wa mwisho aliyeingia kozi hiyo mwaka wako, uwe na masomo yanayotakiwa, na nafasi iwepo. Halafu chuo unachokiendea kikupokee na unachokiacha kikuachilie. Dirisha lenyewe ni la muda mfupi, karibu na siku za kuripoti.

Sasa hebu tulia hapo. Dirisha linafungwa kabla hujafanya mtihani hata mmoja wa chuo. Hata kama ofisa angetaka kukupima kwa kazi yako ya chuo, kazi hiyo haijakuwepo. Kinachoitwa uhamisho kwa kweli ni marekebisho ya upangaji: walikupanga vibaya, au ulichagua vibaya, basi chagua tena, kwa alama zile zile. Mwenye haja ya kweli ya kuhama huja baadaye, na akija hakuti dirisha.

Chukua msichana wa Kawangware. Namtunga, lakini ukipanda matatu ya 46 jioni huenda ukakaa karibu naye. Alipata B-, akajaza kozi kwenye saiba huku watu kumi wakingoja kiti, na jamaa wa kompyuta akamwambia weka hii, hii haina watu. Akapangwa chuo kilicho safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Akaenda, manake hiyo ndiyo nafasi aliyokuwa nayo. Mwaka wa kwanza akagundua kwamba ile hesabu iliyomtesa shuleni, akifundishwa na mtu mwenye subira, anaiweza. Anaongoza darasa kwenye takwimu. Mwaka wa pili mamake anaugua, na yeye ndiye mkubwa. Anataka kurudi Nairobi, asome takwimu huku akimshughulikia mama. Ana transkripti yenye A tupu. Anaipeleka kwa chuo cha Nairobi, na anaambiwa alete cheti cha KCSE. Hesabu ya KCSE alipata C. Basi. Akibahatika, ataambiwa anaweza kujiunga kama mwanafunzi wa kujilipia, aanze mwaka wa kwanza.

Miaka miwili ya mtu imekuwa haikuwahi kutokea. Na karo yake, na mkopo wa HELB ambao hautasahau kwamba ilitokea.

Toka Kawangware, vuka James Gichuru, uingie Muthangari. Ni mwendo wa miguu. Huku neno uhamisho lina maana tofauti kabisa. Nalijua hilo manake mimi hulipwa kusoma insha za vijana wa huku wanaoomba kuhamia vyuo vikubwa vya Marekani. Mtoto ameanza chuo cha kawaida ng'ambo, au ameanza hapa hapa Nairobi, na sasa familia imeamua ajaribu kwenye majina makubwa. Mshauri amelipwa. Mimi nimelipwa kidogo kuliko mshauri. Tunakaa kwenye veranda na kupunguza maneno.

Ukweli ni kwamba fomu zile zinauliza mambo ya maana. Leta transkripti ya chuo ulipo sasa. Leta barua ya mhadhiri aliyekufundisha. Msajili wa chuo chako athibitishe kwamba huna kesi ya nidhamu. Tueleze, kwa maneno yako, kwa nini unataka kuondoka na unakuja kutafuta nini. Wengi wanataka cheti cha sekondari pia, ndiyo, lakini kadiri ulivyokaa chuoni ndivyo cheti hicho kinavyopungua uzito. Swali la kwa nini unaondoka ndilo huwatoa vijana jasho. Mmoja alikaa nalo wiki mbili. Hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote anataka nini, hata na wazazi waliokuwa wakilipia jibu.

Mwanafunzi maarufu zaidi kuwahi kuhama chuo ana kaburi la babake Kogelo. Barack Obama alianza Occidental, California, mwaka 1979, akahamia Columbia, New York, mwaka 1981, akamaliza 1983. Tumemfanyia sherehe, tumewapa watoto majina yake. Angefuata utaratibu wetu, angeambiwa dirisha lilifungwa 1979.

Sisemi Marekani ni peponi. Harvard huchukua wahamiaji wachache mno kila mwaka, na Princeton ilikaa tangu 1990 hadi 2018 bila kuchukua hata mmoja. Ila California iliandika mpango mwaka 1960, na ndani yake mwanafunzi wa chuo cha jamii akifanya vizuri miaka miwili ana njia inayoeleweka ya kuhamia chuo kikuu cha jimbo. Si hisani ya mkuu wa idara, na hakuna haja ya kujuana na mtu ndani. Inajulikana mapema ni yuniti gani zitahesabiwa.

Hapa kwetu ukiuliza kwa nini alama za chuo kimoja hazihesabiki kingine, utajibiwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuambia siri ya familia: ubora haulingani. Alama za vyuo fulani zinagawiwa kama peremende.

Jibu hilo linanikera kuliko yote, kwa sababu ya kitu kinachoitwa mtahini wa nje. Vyuo vyetu huita wahadhiri kutoka vyuo vingine waje wakague maswali ya mitihani, wasome majibu ya wanafunzi, na watie saini kwamba alama zimetolewa kwa haki. Profesa anatoka chuo kikubwa cha Nairobi, anasafiri, analala hoteli, analipwa, anakagua karatasi za yule msichana wetu, na anaandika ripoti kwamba kazi ni nzuri. Anarudi Nairobi. Mwezi unaofuata msichana analeta alama zile zile kwenye idara ya profesa yule yule, na idara inasema alama za huko haiwezi kuziamini. Aidha saini ya profesa ni ya uongo, au idara inasema uongo. Wachague.

Na tukitaka kuongea kuhusu vipimo visivyolingana, mbona tusianze na KCSE yenyewe? Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A. Mwaka 2016, baada ya serikali kubana wizi wa mitihani na kubadilisha usimamizi, A zilikuwa 141. Sidhani kizazi kizima kilipoteza akili kati ya Krismasi mbili. Kilichobadilika ni usimamizi. Sikatai mageuzi yale, wizi ulikuwa umezidi. Lakini kipimo kinachoweza kuyumba hivyo ndicho tunachokiweka juu ya miaka miwili ya kazi ya chuo, iliyopimwa na watu tofauti, katika yuniti tofauti, semista baada ya semista.

Hata shahada haikuwa ikikuokoa. Sheria ya Kenya School of Law ya 2012 ilikuja na masharti yanayotaja C+ ya KCSE na B ya Kiingereza au Kiswahili, na watu wenye shahada ya sheria mkononi walizozania masharti hayo mahakamani. Mtu alisoma sheria miaka minne, akafaulu, kisha akabishana mbele ya majaji kuhusu insha aliyoandika akiwa Kidato cha Nne.

Utetezi mwingine ni huu: mkifungua mlango, wote watakimbilia Nairobi, na vyuo vya kaunti vitabaki majengo. Hofu hii naielewa zaidi. Mhadhiri wa chuo kidogo anayeona wanafunzi wake bora wakiondoka ana haki ya kununa. Ila mlango wa kwenda Nairobi haujawahi kufungwa. Ulikuwa na bei tu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya kujilipia, ile tuliyoita parallel, mwaka 1998, na tangu hapo aliyekosa pointi lakini akawa na baba mwenye ploti aliweza kukaa darasa moja na waliofikisha pointi, kwenye kozi ile ile, akifundishwa na mhadhiri yule yule. Waliolia kwamba ubora utashuka hawakuufunga mlango. Karo ililipwa, taa zikawaka. Kwa hiyo mtu asituambie leo kwamba kuhama kunavunja mfumo. Kuhama kwa pesa kumeujenga. Kinachoogopwa ni kuhama kwa bidii, kwa kuwa bidii hailipi chuo chochote.

Na chuo kidogo chenye wanafunzi wanaotaka kukimbia kinafaa kujiuliza wanakimbia nini, badala ya kufurahi kwamba geti lina kufuli. Tena mlango ukiwa wa kweli hufunguka pande zote mbili. Kuna vijana wanaotaabika Nairobi kwa kodi ya bedsita na nauli, wangefurahi kumalizia kozi hiyo hiyo karibu na kwao, kama tu yuniti zao zingehesabiwa.

Kinachouma ni kwamba sheria haituzuii. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za 2014 zilimruhusu mwanafunzi kuhama na yuniti zake hadi asilimia 49 ya masomo ya msingi ya kozi inayofanana. Hiyo ni karibu nusu ya shahada. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, na kuhamisha krediti ni mojawapo ya sababu za kuwepo kwake. Zaidi ya miaka kumi baadaye, nenda ofisi ya msajili uulize orodha ya yuniti zinazokubalika kutoka vyuo vingine. Utaulizwa umetumwa na nani.

Basi haya ndiyo ninayodai, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya. KUCCPS ifungue dirisha la pili, la watu waliomaliza mwaka wa kwanza au wa pili, na alama za chuo ziwe ndizo za kwanza kuangaliwa. Kila idara itangaze nafasi zilizobaki mwaka wa pili. Wanafunzi huacha masomo, huahirisha, hufariki, na viti vyao vinakaa wazi hadi darasa zima lihitimu. Orodha ya yuniti zinazolingana kati ya vyuo iwekwe hadharani, kozi kwa kozi. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Hili la mwisho ndilo watakalolipinga zaidi, manake likiandikwa linaweza kupelekwa kortini.

Na kuna haraka. KCSE ya mwisho imepangwa 2027. Watoto wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na wakifika chuoni mwaka 2029 watakuja na aina nyingine ya matokeo, iliyojengwa juu ya ahadi kwamba mtoto hatahukumiwa tena kwa mtihani mmoja. Watakuta sheria za uhamisho zilizoandikwa kwa ajili ya mtihani uliokufa. Kwa wakati huo huo vijana wa KCSE watakuwa bado wapo vyuoni, wengine mwaka wa tatu, wakibeba cheti ambacho hata wizara imeshakitupa.

Watu wa wizara na tume watakaa kuandika kanuni hizo upya, pengine kwenye hoteli fulani, na chai ya saa nne. Ningependa waangalie fomu yenyewe kwanza. Ina nafasi ya namba ya mtihani wa Kidato cha Nne na mwaka ulioufanya. Chini yake iwekwe nafasi ya namba ya usajili ya chuo ulipo, na kisanduku cha kupakia transkripti. Kisha mtu alipwe kuisoma.