Kilima cha Fufu Si Kipimo cha Afya

Hapa Kiwanja, Rutshuru, mashariki mwa Kongo, kuna imani ambayo hakuna anayethubutu kuigusa: mtu hajala mpaka ale fufu, na fufu ikipungua kwenye sahani, afya nayo imepungua. Imani hiyo ina pacha wake: aliyenenepa ana hela na amani ya moyo, aliyepungua ana ugonjwa au ndoa imemshinda. Mama mwenye ugonjwa wa sukari anaambiwa kwenye kituo cha afya apunguze wanga. Akifika nyumbani, wifi, shemeji na majirani wanaompenda kwa dhati wanamsogezea donge lilelile la jana na kumwambia, "Kula, mama, utaisha." Nasema imani hii ni ya uongo. Inawagharimu watu wetu macho, miguu na uhai, na hatuna sababu ya kuendelea kuitunza.

Asili yake siidharau. Watu wa Kiwanja wana haki ya kuogopa kukonda. Novemba 2008 watu wapatao 150 waliuawa hapa katika muda wa siku mbili. Mwaka 2012, na tena Oktoba 2022, mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na kila mara familia zilibeba watoto na magodoro zikashika njia. Kukonda kulimaanisha kukimbia, kulala nje, kukosa. Kwa wengine kulimaanisha UKIMWI katika miaka ambayo dawa hazikupatikana. Kwa hiyo anayerudi kutoka kambini na mashavu yakajaa, majirani humshukuru Mungu, na wanafanya vizuri.

Lakini hofu iliyozaliwa na njaa haifai kumwongoza mtu anayeshiba kila siku. Kwenye mtaa mmoja wanaishi mtoto aliyevimba miguu kwa utapiamlo na shangazi yake aliyevimba tumbo kwa unene, na wote wawili wanakula chungu kimoja. Kwa miongo mingi watafiti wa Lwiro, Kivu Kusini, walichunguza kwashiorkor kwa watoto wa huku kwetu. Wataalamu bado wanabishana juu ya visababishi vyake vyote, ila jambo moja linajulikana: huwashika zaidi watoto wanaolishwa wanga mtupu, bila vyakula vya kutosha vya kujenga mwili. Gramu 100 za unga wa muhogo tunaousonga fufu zina zaidi ya gramu 80 za wanga, na protini haifiki hata gramu 3. Gramu 100 za maharage makavu zina protini zaidi ya gramu 20, na nyuzinyuzi nyingi juu yake. Sahani ya kilima cha fufu na vijiko viwili vya sombe, yaani majani ya muhogo, humnyima mtoto kinachomjenga, na humzidishia mtu mzima anayekaa dukani kutwa asichohitaji. Kosa liko kwenye sahani moja, na ukiirekebisha, wote wawili wananufaika.

Wengine watasema fufu ni chakula cha mababu, na kuipunguza ni kuiga Wazungu. Historia inawakatalia. Mihogo ililetwa Afrika na Wareno kutoka Amerika katika karne ya 16, ikaanzia pwani ya Atlantiki na kuchukua muda mrefu kufika ndani ya bara. Mahindi nayo yalitoka hukohuko Amerika. Utawala wa Wabelgiji uliisukuma mihogo kwa mashamba ya lazima, maana ulitaka chakula cha bei ndogo cha kulisha wafanyakazi wake. Kabla ya hapo, nchi hizi za milima zilijua mtama, ulezi, ndizi na jamii ya kunde. Kilima cheupe tunachokitetea kwa jina la mababu, mababu wa mababu hawakukijua.

Tukumbuke pia fufu ilikuwa inaliwa na nani. Aliyelima tangu alfajiri kwenye shamba la mteremko, aliyesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, yenye magunia ya viazi kupanda na kushuka, aliyebeba kuni kichwani kutoka mbali, huyo aliuchoma wanga wake wote kabla jua halijazama. Leo wengi wetu tunakaa: dukani, ofisini, kwenye kiti cha pikipiki, kwenye kibanda cha kubadilisha pesa. Kazi imebadilika, donge halikubadilika. Wanga tusiouchoma mwili huugeuza mafuta na kuyaweka akiba tumboni na kwenye ini. Mafuta hayo yakikaa hapo, insulini hushindwa kufanya kazi yake vizuri, sukari hupanda kwenye damu, na tansiyo, yaani shinikizo la juu la damu, mara nyingi huifuata.

Sasa, kupunguza wanga si kuufuta. Hapa nawapinga pia wale wa upande wa pili, wanaotoka Goma na video za simu wakihubiri nyama na mafuta peke yake. Mambo haya si mapya. Mwaka 1863 William Banting, mtengenezaji wa majeneza na msimamizi wa mazishi huko London, alichapisha kijitabu kueleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka 1972 daktari Mmarekani Robert Atkins aliusukuma ushauri huo mbali zaidi na kitabu chake kikauzwa mno. Tangu hapo watu wamekuwa wakipima. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza mafuta, jingine wanga. La kwanza lilipungua kwa wastani wa kilo 5.3, la pili kilo 6, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Lakini makundi yote mawili yalielekezwa kuacha sukari na unga uliokobolewa, na kula mboga kwa wingi. Mwaka huohuo jarida la Lancet Public Health lilichapisha uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya 15,000: walioishi zaidi ni wale ambao karibu nusu ya nguvu ya chakula chao ilitoka kwenye wanga. Waliokula wanga mno na waliokula mdogo mno, wote walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa mapema. Njia ya kati ndiyo yenye ushahidi.

Kuna waliokwisha kujaribu kupunguza wanga, wakaacha, na sasa wanaona haya kurudi. Wao ndio ninaowaombea zaidi. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Anayeacha fufu ghafla hupoteza maji hayo wiki ya kwanza, mizani ikashuka kilo mbili au tatu, akashangilia. Harusi ikifika akala wali, viazi, ndizi na fufu kwenye sahani moja, maji yanarudi ndani ya siku chache, naye anakata tamaa na kusema mwili wake ndivyo ulivyoumbwa. Hakushindwa. Alihesabu maji akidhani ni mafuta. Mafuta hupungua polepole, kwa miezi, na hupungua kwa anayedumu, hata akiteleza siku za sherehe. Aliyeacha na arudi kesho asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa.

Na arudi kwa kiasi kinachokalika. Donge liwe nusu ya lile la zamani. Nusu ya sahani iwe mboga: sombe, lenga-lenga, kabeji, biringanya. Kinachobaki kiwe maharage, soya, karanga, mayai, sambaza wa Ziwa Kivu au samaki wa Vitshumbi. Ukila ndizi, acha viazi. Ukila viazi, acha wali. Mafuta ya mawese yapimwe, maana kijiko kikubwa kimoja kina nguvu ya takriban kalori 120, na anayepunguza fufu huku akizamisha sombe kwenye mawese hatapungua. Chai iachane na vijiko vinne vya sukari. Soda nyingi za sentilita 33 hubeba karibu gramu 35 za sukari ndani ya chupa moja. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, na bia nazo zina hesabu yao. Kuacha vinywaji hivi pekee, kwa wengi, ni nusu ya kazi.

Najua nitaulizwa: katika nchi ya vita na njaa, nani ana nafasi ya kuzungumzia kupungua? Asiyeshiba hili halimhusu, na yeyote atakayelitumia kumpunguzia chakula mtoto, mama mjamzito au anayenyonyesha atakuwa ametenda ubaya. Najua pia kwamba unga wa muhogo hujaza tumbo kwa pesa kidogo. Lakini Rutshuru ndiyo ardhi inayoilisha Goma maharage. Maharage yakiwa ghali katika nchi inayoyazaa, tuulize kuhusu mashamba yasiyofikika kwa sababu ya ukosefu wa usalama, na kuhusu ushuru unaotozwa kwenye baria za barabara ya Goma. Huo ndio ugomvi wa haki. Kumwambia maskini kwamba fufu tupu inamtosha ni kumnyamazisha asidai haki hiyo.

Na mwenye sukari asisahau jambo moja. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi asipunguze wanga kabla hajazungumza na daktari, kwa sababu dawa ileile juu ya chakula kidogo inaweza kuishusha sukari hadi azimie. Dozi nayo inahitaji kupangwa upya.

Kwa ndugu na majirani nina ombi. Acheni kumpima mgeni kwa ukubwa wa donge alilomaliza. Acheni kumuuliza mama aliyepungua anaumwa nini kabla ya kumuuliza anajisikiaje. Wenye sherehe, wekeni maharage na mboga mwanzo wa meza, si mwisho wake baada ya sahani kujaa. Na kama nyumbani kwako yuko mwenye sukari au tansiyo, usiku huu mpakulie maharage na sombe kwanza, fufu kidogo baadaye, na umwache ashibe bila maneno.