Je, Risasi Kumi Hazitoshi?

Wazee wetu waliowinda kwa gobori walijua subira. Mtu alimimina baruti, akashindilia, akatia risasi, akaweka fataki, kisha akapiga mara moja tu. Akikosa, mnyama alikwenda zake salama. Bunduki za siku hizi sivyo zilivyo. Zina kikasha ambacho askari hukiita magazini, na ndani yake risasi zimepangwa juu ya kamani. Moja ikitoka, kamani husukuma nyingine mahali pake, na mpigaji hana kazi ila kufyatua tena na tena. Risasi zikiisha, hukitoa kikasha na kutia kingine. Viko vikasha vya risasi 10, viko vya 30, na viko hata vya 100.

Huko Marekani watu wameshindana miaka mingi juu ya neno hili moja: Je, yafaa sheria iweke mpaka wa risasi ziwezazo kukaa katika kikasha cha raia? Sisi si watu wa Marekani, wala hatupigi kura huko. Lakini sisi ni walimu, na mauaji yaliyouchochea sana ugomvi huu yalitendeka darasani. Kwa hiyo twasema wazi: mpaka wafaa, na hoja za wanaoukataa zapingana zenyewe kwa zenyewe.

Tarehe 14 Desemba 2012, katika mji wa Newtown, jimbo la Connecticut, kijana mmoja aliingia kwa nguvu katika shule ya Sandy Hook. Bunduki yake ilikuwa na vikasha vya risasi 30. Kwa muda usiotimia dakika 5 alipiga kwa bunduki ile risasi 154, akaua watoto 20 wenye umri wa miaka 6 na 7, na watu wazima 6 wa shule. Walakini katika chumba kimoja bunduki ilinyamaza kidogo: ama alikuwa akibadili kikasha, ama bunduki ilikwama. Katika kimya kile watoto kadhaa walikimbilia mlangoni wakaokoka. Sisi tuitao majina ya watoto kila asubuhi twajua thamani ya kimya kile.

Karibu miaka miwili kabla yake, tarehe 8 Januari 2011, huko Tucson katika Arizona, mtu mmoja aliwapiga kwa bastola watu waliokusanyika kuonana na mbunge wao, Gabrielle Giffords. Kikasha chake kilikuwa cha risasi 33. Watu 6 walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka 9, na 13 walijeruhiwa, pamoja na mbunge mwenyewe. Ni nani aliyemkamata mwuaji? Ni watu waliokuwa pale pale, mikono mitupu. Lakini walimwangusha wakati gani? Ni wakati alipokuwa akijaribu kutia kikasha cha pili. Kama cha kwanza kingalikuwa cha risasi 10, nafasi ile ingalikuja mapema zaidi.

Sasa tuwasikilize wapinzani, maana si haki kumhukumu mtu asiyesikiwa. Kwanza wasema: “Kubadili kikasha ni kazi ya sekunde mbili tatu, mpaka hautamzuia mwuaji.” Kisha wasema: “Mwenye nyumba akivamiwa usiku, mpaka utamwangamiza, maana hatapata nafasi ya kubadili kikasha.” Msomaji, yaweke maneno haya mawili katika mizani moja. Ikiwa kubadili ni jambo jepesi, basi mwenye nyumba hapotewi na kitu. Na ikiwa ni jambo zito, basi mwuaji naye hucheleweshwa. Haiwezekani yote mawili yawe kweli.

Hatuidharau hofu ya mama akaaye peke yake shambani, mbali na askari. Lakini sheria hii haimnyang'anyi bunduki yake. Yamwachia risasi 10, na kikasha kingine mezani kama akipenda. Tena kuchelewa hakuwadhuru wote sawasawa. Mwenye nyumba ataka mwizi akimbie, na mlio wa kwanza mara nyingi hutosha. Atafutaye kuua watu kwa makumi ndiye ahitajiye makumi ya risasi pasipo kupumzika, naye ndiye aliyezungukwa na watu walio tayari kumrukia.

Wengine wasema dawa ni kuweka watu wema wenye bunduki karibu. Basi na tuutazame mji wa Dayton, Ohio, tarehe 4 Agosti 2019. Askari walikuwa karibu mno, wakamwua mshambuliaji baada ya nusu dakika hivi. Hawakukawia, wala hawakuogopa. Lakini alikuwa na kikasha cha risasi 100, na katika nusu dakika ile watu 9 walikwisha kufa.

Tena wako wasemao kwamba uovu hutoka moyoni, si katika chuma. Neno hili ni kweli, nasi twalifundisha. Lakini ni nani kati yetu aachaye mlango wazi usiku kwa sababu wizi hutoka moyoni? Sheria haiwezi kuutakasa moyo. Yaweza kuupunguzia mkono nguvu ya kudhuru.

Wataja pia haki ya kuwa na silaha, iliyotiwa katika Katiba yao mwaka 1791. Haki hiyo ipo. Lakini bunduki za siku zile karibu zote zilikuwa ndugu za gobori la babu zetu. Na Wamarekani wenyewe wamekwisha kukubali kwamba mpaka hauivunji haki: tangu mwaka 1935 sheria ya nchi nzima yamkataza mwindaji wa bata wahamao kutumia bunduki ya marisau iwezayo kushika zaidi ya risasi 3. Wanawahifadhi bata wasiishe ziwani, na jambo hilo ni jema. Je, mtoto wa shule si bora kuliko bata?

Mwaka 1994 Serikali yao kuu ilikataza vikasha vipya vya zaidi ya risasi 10, lakini vya zamani viliachwa viuzwe, na mwaka 2004 sheria ile iliachwa ikafa. Kuziba nusu ya ufa si kuziba. Baadaye Connecticut iliweka mpaka wa 10, na Colorado wa 15, yote mawili mwaka 2013. Wapiga kura wa California mwaka 2016 walikataza hata kuwa na vile vya zamani. Kesi juu ya sheria hiyo zilidumu miaka mingi, na Machi 2025 mahakama ya rufani ya upande wa magharibi iliithibitisha.

Hatusemi kwamba mpaka huu utakomesha mauaji. La, hasha. Twasema utaleta kimya kidogo kati ya risasi ya kumi na ya kumi na moja. Asemaye kwamba kimya hicho si kitu, na awaulize wazazi wa watoto wale waliofika mlangoni.