Cheti cha Siku Tatu

Ninacho cheti kimoja ambacho nimekionea haya kwa miaka mingi. Kimo ndani ya fremu, kina muhuri wa rangi ya dhahabu, na kinaeleza kwamba mimi, niliyekuwa ofisa ugavi wa halmashauri, nimehitimu mafunzo ya ubia kati ya Serikali na sekta binafsi katika miundombinu. Nilikipata kwa siku tatu, katika hoteli moja ya pwani, pamoja na begi, kalamu na posho. Sasa nimestaafu, sina cheo cha kupoteza, na naona ni haki nikuambie, ndugu msomaji, kile ambacho cheti hicho hakikunifundisha.

Semina yetu ilikuwa kama semina nyingine zote. Mgeni rasmi alifungua, akapigwa picha, akaondoka. Kisha mwezeshaji akatuonyesha kwa projekta jinsi Waingereza walivyojenga hospitali na Waaustralia barabara kwa fedha za watu binafsi. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, tena cha wanasheria na mabenki. Tuliyanakili bila kuyaelewa, na hakuna aliyethubutu kusema haelewi. Siku ya pili mhandisi mmoja wa maji, mtu mzima mwenye mvi, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, chanzo cha maji kikikauka, mwekezaji analipwa au halipwi?" Mwezeshaji alitabasamu, akajibu kwamba swali hilo ni la kozi ya hatua ya pili. Tukaenda kunywa chai.

Nasema bila kumung'unya maneno: lile ndilo swali lililostahili siku zote tatu. Ubia, ukiuvua mapambo yake, ni makubaliano juu ya nani atabeba hasara mambo yakiharibika. Mengine yote ni hotuba.

Haukupita mwaka nikaketi mezani na mwekezaji aliyetaka kutujengea stendi ya mabasi. Upande wake kulikuwa na wanasheria wawili na mhasibu. Upande wetu tulikuwa watu wanne wenye vyeti. Ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu kirefu kilichosema kwamba mabasi yakipungua idadi fulani kwa mwezi, halmashauri itafidia pengo. Dhamana ya mapato! Tulifundishwa siku ya pili, baada ya chakula cha mchana. Jina lake nililijua. Lakini iliponijia imevaa nguo za kisheria, katika ukurasa wa arobaini na kitu, sikuitambua. Nilitikisa kichwa kukubali. Baadaye barabara mpya ilipita pembeni mwa mji, mabasi yakaihama stendi, na halmashauri ikaanza kulipa. Ililipa kwa ushuru wa soko, yaani kwa sarafu za akina mama wauza mchicha. Hakuna aliyekula rushwa pale. Tulikuwa wajinga wenye vyeti, basi.

Wako watakaosema kisa cha stendi ni kidogo. Haya, tutazame makubwa. Mwaka 1995, nchi ikiwa imebanwa na uhaba wa umeme, shirika la umeme la Serikali lilitia saini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa mitambo ya megawati 100 pale Tegeta. Shirika la umeme lilitakiwa kulipia kuwepo kwa mitambo hiyo, liwe limechukua umeme au halikuchukua. Halafu ikaonekana kwamba mitambo iliyofungwa si ya aina iliyoandikwa mkatabani, bali ya bei nafuu zaidi. Shirika likapeleka shauri kwa wasuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2001 bei ikapunguzwa. Kilichotusaidia hapo si cheti. Ni watu waliojua kusoma mkataba na kuulinganisha na chuma kilichofungwa chini.

Tutazame pia maji ya Dar es Salaam. Agosti 2003 kampuni ya City Water ilianza kuendesha huduma hiyo kwa mkataba wa miaka 10, baada ya zabuni iliyobaki na mzabuni mmoja tu. Mei 2005 Serikali ilitangaza kuuvunja. Julai 2008 wasuluhishi waliamua kwamba Serikali ilikiuka wajibu wake kwa namna ilivyoiondoa kampuni: matangazo ya hadharani, kushika ofisi, kuwafukuza nchini viongozi wake. Hata hivyo hawakuamuru fidia yoyote, kwa kuwa biashara yenyewe ilikuwa imekwisha kuporomoka. Hukumu hiyo ipo wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Inafundisha namna ya kupima zabuni, kumsimamia mbia, na kuuvunja mkataba bila kujitia hatiani. Ni kitabu kilichoandikwa juu yetu, kwa gharama yetu. Katika semina yetu hakikutajwa hata mara moja.

Najua nitaambiwa kwamba sasa mambo ni mengine: Sheria ya Ubia ilitungwa mwaka 2010, ikarekebishwa mwaka 2014, 2018 na 2023, na washauri wanakodishwa. Sikatai, wala siupingi ubia; kodi zetu peke yake hazitoshi kujenga kila daraja. Lakini sheria haiketi mezani kujadiliana, na mshauri akishalipwa hupanda ndege. Anayebaki na mkataba kwa miaka 20 ni ofisa wa kawaida, naye mara nyingi huhamishwa kabla hajaumaliza kuusoma.

Kwa hiyo nataka mambo manne. Ofisa afundishwe kwa mikataba yetu wenyewe, hasa iliyotuumiza, na anayeifungia kabatini ajue kwamba mkataba uliofichwa haufundishi mtu. Afundishwe kwa Kiswahili, ili asiyeelewa aweze kuuliza bila aibu. Apewe mtihani wa mkataba mzima wenye mitego, na asiyeiona mitego hiyo arudi nyumbani bila cheti. Na atakayefaulu aachwe kazini pale pale mpaka ujuzi wake uzae matunda.

Wenye hoteli watachukia, na wapenda posho pia. Mimi nilikuwa mmoja wao, nazijua hesabu zao. Lakini yule mhandisi mwenye mvi alistaafu kabla yangu, na kwa kadiri nijuavyo swali lake halijajibiwa. Mwenye kufungua semina ijayo aanze nalo.